Arvella Stubbs na Ukumbi wa Zimamoto

Kabla namba ya dharura haijafika kwetu Tamsen, mji mdogo wa wakulima, mtu akiunguliwa na ghala alimpigia Arvella Stubbs jikoni kwake. Simu ilikuwa ukutani karibu na jokofu, na chini yake swichi ya king'ora kilichofungwa juu ya paa la ukumbi, ng'ambo ya barabara. Arvella alipokea huku anajifuta unga mikononi, akauliza, "Wapi? Kuna mtu ndani?" kisha akabonyeza. Wanaume wakaacha matrekta, wakaacha wateja dukani, wakakimbilia gari la zimamoto. Kazi hiyo aliifanya bila mshahara tangu alipoolewa na Lyle, mchomeleaji vyuma, mpaka kichwa kikaanza kuota mvi. Hao wawili hawakuwahi kusafiri pamoja. Ilikuwa lazima mmoja abaki na simu.

Mimi nililetwa Tamsen na mume wangu nikiwa bibi harusi, na mtu wa kwanza kunigongea mlango alikuwa yeye, kashika bakuli la viazi vilivyookwa na jibini. "Nimekuletea viazi vya matanga," akasema.

Nikashtuka. "Nani kafariki?"

Akacheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Hajafa mtu, mwanangu. Ndivyo vinavyoitwa. Huku tunavila hata harusini."

Ukumbi wenyewe ulijengwa na watu wa hapa kwa mikono yao. Tosh Morinaka, mkulima wa vitunguu, alimwaga zege la sakafu. Lyle alichomelea mihimili. Arvella na shoga yake Dorleen Haggerty walipaka rangi. Mbele kulilala gari la zimamoto, nyuma kulikuwa na ukumbi wenye jiko kubwa na meza za kukunja. Humo tulioza watoto wetu, tulikula baada ya mazishi, tulipiga kura. Mwaka mfereji wa kumwagilia mashamba ulipopasua ukingo, nusu ya mji ililala humo, na Arvella akatulisha sote.

Yeye na Dorleen walikuwa chanda na pete. Walijifungua msimu mmoja. Mume wa Dorleen alipomkimbia na kwenda zake Nevada, Dorleen na wanawe walikula kwa Arvella kipupwe kizima, na hakuna aliyesikia Arvella akilitaja jambo hilo. Dorleen alikuwa na ulimi mtamu na kichwa chepesi. Alipogombea udiwani, Arvella alimpikia mikutano yote. Aliposhinda, Arvella alilia kuliko mshindi.

Kisha mji ukaanza kuvimba. Mashamba ya vitunguu yakageuka mitaa, nyumba zote rangi moja, wenyewe kutoka California na Oregon. Wazimamoto wetu wa kujitolea walikuwa wameshakuwa wazee wenye magoti mabovu. Siku moja nyumba iliwaka kule mitaa mipya, na gari letu likakwama kwenye foleni pale njia ya reli. Walipofika, zilibaki kuta mbili na mbwa aliyekufa. Mwenye nyumba hakuwatukana. Aliwatazama tu, na Lyle, aliyekuwa mmoja wao, alirudi nyumbani, akakaa garini mwake muda mrefu kabla ya kuingia ndani.

Kwa hiyo hakuna aliyebisha kwamba mji ulihitaji kituo kipya: wazimamoto wa kulipwa, polisi na gari la wagonjwa chini ya paa moja, kwenye kiwanja kile kile cha ukumbi. Lakini ilibidi kodi ipande, na ili ipande ilibidi theluthi mbili ya wapiga kura waseme ndiyo. Wazee wa Tamsen hawakuiamini halmashauri hata kidogo.

Ndipo Dorleen akaja jikoni kwa Arvella. Lyle alikuwepo anakunywa kahawa, na yote haya ni yeye aliyenisimulia.

"Shoga, niokoe," Dorleen alisema hata kabla hajakaa. "Wageni watapiga ndiyo, hao hawana neno. Shida ni watu wetu. Mimi wakiniona wananuna, wanasema huyo kashakuwa wa serikali. Wewe wakikuona wanavua kofia."

"Na ukumbi?"

"Ukumbi umefanyaje?"

"Usinichezee, Dorleen. Kituo kikijengwa, ukumbi unabaki?"

Dorleen akamshika mkono juu ya meza. "Vella. Ule ukumbi tuliupaka rangi mimi na wewe, mimi na mimba ya mwanangu Travis imenifika hapa. Leo niruhusu uguswe? Unabaki. Waambie unabaki. Waambie nimesema mimi."

Lyle akaweka kikombe chini. "Si ungesema mwenyewe mkutanoni, watu wote wakasikia?"

"Lyle Stubbs, wewe hata kanisani ulitaka bibi harusi aape mara mbili."

"Na ningefanya hivyo tena," Lyle akajibu, na wote watatu wakacheka.

Arvella alizunguka nyumba kwa nyumba majira yote ya kuchipua, upepo ukimtwanga vumbi la mashambani usoni. Kwa Tosh alisimama barazani zaidi ya saa nzima.

"Kodi hii siipendi," Tosh alisema. "Siipendi kabisa. Lakini niambie, ukumbi?"

"Unabaki, Tosh."

"Anayesema ni Dorleen au ni wewe?"

Arvella alifikiri kidogo. "Ni mimi."

"Basi yamekwisha. Nitapiga ndiyo."

Kura ilipita chupuchupu. Dorleen alimkumbatia Arvella mbele ya halaiki, akamwita mama wa Tamsen.

Katikati ya majira ya joto, Arvella alikwenda ukumbini mapema kutayarisha chapati za maji za Jumamosi, zile tulizokuwa tunauza kumchangia fundi wa gari la zimamoto. Nilikuwa naye, nimebeba mayai. Tulimkuta mwanamume wa makamo mwenye fulana ya kung'aa akinyunyiza rangi ya chungwa ardhini, mbele kabisa ya mlango wa jikoni.

"Habari za asubuhi, kaka," Arvella alimwambia. "Bomba limepasuka?"

"Hapana, mama. Naweka alama za maegesho."

"Maegesho yapi?"

"Ya kituo kipya. Hapa pote." Akazungusha mkono, na mkono ule ukapita juu ya jiko, juu ya mlango, juu ya king'ora.

"Umekosea. Jengo hili linabaki."

Yule bwana akatutazama kwa huruma, kama mtu anayetafuta namna ya kuondoka. "Mama, mimi ni mpimaji tu. Lakini hili halijawahi kupangwa libaki. Tangu mchoro wa kwanza lilikuwa linavunjwa. Nilikuja hapa kipupwe, theluji mpaka magotini, tukapazunguka na yule diwani mama, mrefu, mwenye miwani nyekundu. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuonyesha mwisho wa kiwanja."

"Kipupwe," Arvella akarudia. "Kabla ya kura."

"Kabla, ndiyo."

Miwani nyekundu ilikuwa moja tu Tamsen nzima, ya Dorleen. Niliweka mayai chini. Arvella aliingia ndani, akawasha jiko, akapika chapati mpaka mtu wa mwisho akashiba, akimtabasamulia kila mmoja. Kisha akavua aproni, akaniambia, "Nisindikize."

Tulimkuta Dorleen bustanini kwake anamwagilia nyanya. Alipotuona uso ulichanua, halafu akaona uso wa mwenziwe, na mpira wa maji ukabaki unamwaga sehemu moja.

"Nimekutana na mpimaji," Arvella alisema.

Dorleen akafunga bomba. Alifanya taratibu mno. "Vella, ngoja nikueleze."

"Ulijua?"

"Magari mapya ni marefu, yanahitaji nafasi ya kugeukia. Wahandisi walisema hakuna njia nyingine. Nilipigana, Mungu shahidi—"

"Sikuuliza ya wahandisi. Uliponishika mkono jikoni kwangu, ulijua?"

Dorleen akavua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi. "Nilijua."

"Ukanituma."

"Nyumba za watu zilikuwa zinaungua! Ungefanya nini wewe? Tungesema ukumbi unavunjwa, Tosh na wenziwe wangepiga hapana wote, tungekosa kila kitu. Mtoto angekufa siku moja, Vella. Mtoto wa mtu."

"Ningesema ndiyo."

"Nini?"

"Ungeniambia ukweli, ningesema ndiyo. Ningelia wiki nzima, halafu ningekwenda kwa Tosh nikamwambia, ukumbi tunaupoteza, Tosh, lakini piga ndiyo. Na angenisikiliza." Hapo sauti ilimkatika kwa mara ya kwanza. "Lakini hukuniuliza. Miaka yote hii, hukunijua hata kiasi cha kuniuliza."

"Mimi nilitaka kukuepushia—"

"Ulinitia uongo mdomoni, Dorleen. Nikautembeza mji mzima kama sahani ya keki."

Dorleen alimnyooshea mkono. Arvella akarudi nyuma hatua moja, akakanyaga nyanya, na tukaondoka. Tulipofika kwake alikaa kwenye ngazi, akavua kiatu kilichochafuka, akakishikilia tu. Lyle akatoka, akatutazama, akakaa kando yake bila kuuliza.

Kesho yake Arvella alianza kuirudia milango yote. Nilimwambia aache, kila mtu atasikia tu. Akanijibu, "Watasikia kwangu. Waliniamini mimi, si redio."

Nilifuatana naye siku kadhaa na sikuwahi kuona kazi ngumu kama ile. Alikuwa akibisha, akisubiri, kisha akisema maneno yale yale: "Nilikuambia ukumbi unabaki. Si kweli. Sikujua, lakini niliyekuambia ni mimi." Wageni wa mitaa mipya hawakumkumbuka hata sura, mmoja alidhani anauza biskuti. Wengine walimwambia pole. Bi. Leota Crandall, waliyekuwa wakishona naye mablanketi, alimwambia, "Usijifanye mjinga, wewe na Dorleen chungu kimoja," akafunga mlango. Arvella aliushukuru ule mlango uliofungwa, akashuka ngazi.

Kwa Tosh alinitaka nibaki garini, lakini dirisha lilikuwa wazi. Tosh alimsikiliza mpaka mwisho.

"Niliuliza ni Dorleen au ni wewe," alisema.

"Uliuliza."

"Ukasema ni wewe."

"Nilisema, Tosh. Nisamehe."

Tosh alitazama shamba. "Nakusamehe. Lakini usije tena kuniomba kura ya kitu chochote. Hata ukinambia jua limechomoza, nitatoka kwanza nikaangalie."

Hakusema kwa ukali, na nadhani ndiyo sababu yalimwingia zaidi. Arvella aliingia garini, na safari hii alilia kwa sauti, mikono juu ya usukani, gari halijawashwa.

Ukumbi ulivunjwa vuli. Ilichukua asubuhi moja tu. Lyle alikwenda kuomba kipande cha mhimili aliouchomelea, wakamwambia bima hairuhusu mtu kuvuka uzio.

Kituo kilipofunguliwa, watu walialikwa kulisukuma gari jipya liingie ndani, maana ndiyo desturi ya wazimamoto. Dorleen alikuwa na kipaza sauti. Alisema mengi mazuri juu ya mji unaokua na moyo wa ujirani, halafu akatangaza kwamba chumba cha mikutano kitaitwa kwa jina la mwanamke aliyekuwa king'ora cha Tamsen. Watu wakapiga makofi, wakageuka kumtafuta. Arvella hakuwepo. Alikuwa ameshampelekea mkuu wa mji ujumbe kwa mdomo wangu kwamba hataki jina lake mlangoni. Nilifikisha. Mkuu wa mji alisema amependa unyenyekevu wake. Jina likabandikwa, na mpaka leo liko pale. Ukitaka chumba hicho unaomba kwa kompyuta, na kupika hairuhusiwi.

Siwezi kusema kituo chenyewe ni kibaya. Msimu uliofuata Lyle alianguka bandani, moyo ukagoma, na wale vijana walifika hata kabla sijamaliza kuvuka barabara. Lyle yu hai. Arvella huwapelekea pai ya tufaha na huwajua wote kwa majina. Nilimuuliza kama haoni uchungu kuingia mle. "Hao hawajanidanganya," alisema. "Nami huishia mlango wa jikoni tu. Ndani zaidi sifiki."

Tosh alifariki mwaka jana. Familia yake ilitaka chakula cha baada ya mazishi kiwe mahali pa watu, na mahali pa watu hapakuwepo, basi Arvella akafungua banda la magari la nyumbani kwake, tukapanga meza mpaka barabarani. Dorleen alikuja. Alikuwa amezeeka ghafla. Alisimama mwisho wa meza na bakuli la saladi ya maharage, watu wakampisha, na wote tukajifanya tunaongea.

Arvella alimwendea, akapokea bakuli kwa mikono miwili. "Asante kwa kuja, Bi. Haggerty," alisema. "Karibu chakula. Sahani ziko kule."

Dorleen alichukua sahani, akaishika tupu kwa muda, akairudisha mahali pake, akaenda kumpa pole binti wa Tosh, kisha akaondoka.

Jioni ile Arvella aliliosha lile bakuli, akalikausha vizuri, akampa Lyle alipeleke.