Kinywa Tulichokifunga

Siku ya kutetea kazi zetu za mwisho wa masomo naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na mume wangu analijua hilo. Umeniletea kazi yako juu ya usafi wa kinywa niisome. Umeandika kwa bidii, nimefurahi. Mwishoni umeweka picha za vinywa vya wagonjwa, na chini yake umeandika kwamba majina yamefichwa. Kabla sijatia sahihi yangu ya msimamizi, keti hapo. Na hiyo simu izime, haitakufa.

Nilikuwa msichana mwembamba, mwenye maneno mengi. Katika darasa letu tulikuwa wawili tulioandika juu ya magonjwa ya ufizi, mimi na Faustin, kijana mpole aliyetoka Opala. Yeye alichunguza wagonjwa wa kituo kimoja cha afya hapa Kisangani. Mimi nilikwenda Ubundu kuchunguza wavuvi na wachuuzi wa samaki. Wote tulipiga picha. Tulifundishwa kuficha jina na kuziba macho, na picha ya kinywa haina macho, basi tukaona kazi ya kuficha imekwisha.

Mama yangu alikuwa amefariki miezi michache kabla ya hapo. Papa, yaani baba yangu, mtu wa Maniema asiyependa mikusanyiko, alivaa koti lake zuri na kofia akaja kuniona nikitetea. Faustin alikuwa wa kwanza, mimi nilikuwa nimfuate. Tuliketi safu ya nyuma, mimi na papa. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa vitenge ili picha zionekane ukutani, na jasho lilikuwa linatutiririka mgongoni.

Faustin alizungumza vizuri. Picha zikapita, ufizi mwekundu, meno yenye ugaga, kisha umeme ukakatika. Tulikaa gizani tukisikia watu wakijipepea kwa karatasi. Uliporudi, ukuta ulianza kuwaka polepole, na kinywa kikatokea.

Kilikuwa kikubwa kama mlango. Vyuma vya kupanulia kinywa vilikuwa vimevuta midomo huku na huku hadi usingejua kama ni mwanamume au mwanamke. Jino moja la mbele lilikuwa limemeguka pembeni, na chini ya mdomo palikuwa na kovu dogo la mafuta ya moto. Mama yangu aliuza bia nyumbani kwetu, mwanangu, na chupa alizifungua kwa meno. Kovu lile alilipata akikaanga mikate, nikiwa nimesimama karibu yake.

Mkono wa papa ukanishika. Ulikuwa wa baridi katika joto lile. Hakunitazama. Alikuwa anatazama ukutani.

"Ni mama yako ule," alinong'ona.

"Ndiyo, papa."

"Tulimufunga kinywa. Alors, nani amemufungua?"

Asubuhi aliyokufa, mimi ndiye niliyepitisha kitambaa chini ya kidevu chake nikakifunga juu ya kichwa, kwa sababu shangazi zangu walikuwa wamezidiwa na kilio. Nilikikaza mpaka mmoja wao akaniambia inatosha. Sasa kinywa kile kilikuwa wazi mbele ya watu, kimelowa mate, ulimi umeinuka kidogo kama wa mtu anayetaka kuanza neno. Niliogopa kitasema. Msomi mzima, nimebakiza saa moja nipate shahada, niliogopa kitaita jina langu.

Mwalimu mmoja akauliza kama mgonjwa huyo amewahi kuonana na mswaki. Ukumbi mzima ukacheka. Nami nikaona haya, mwanangu, haya ya kumwonea mama yangu, na mpaka leo ikinijia nafumba macho. Papa hakucheka wala hakukasirika. Alisimama, akaivua kofia yake mbele ya ule ukuta kama anavyofanya jeneza likipita, akatoka nje.

Faustin alipomaliza nilimfuata kwenye kibaraza. Nikamwuliza yule mwenye jino lililomeguka alimwambia nini siku ya kupigwa picha.

"Ule mama? Alisema iko na mutoto musichana anasoma mambo ya meno," akajibu. "Akasema, hapana mutoto aone hii, atapata haya mbele ya wenzake."

"Na hukuandika?"

"Ile haikukuwa kwa maulizo yangu."

Kisha akaniangalia vizuri, akaangalia mdomo wangu, na karatasi zikamdondoka. "Mungu wangu. Ni weye?"

Mama alikuwa ameumwa ufizi, mwanangu, na alikwenda kwa mgeni ili mimi nisijue. Nilipomwomba nyumbani anionyeshe meno yake aliniambia mtoto hatii vidole kinywani mwa mzazi, nami nikacheka nikaacha. Pale kibarazani nilimchukia Faustin kama vile yeye ndiye aliyemwua.

Nilimkuta papa ameketi kwenye ngazi, kofia magotini. Nilidhani atanifariji.

"Usimukasirikie ule kijana," alisema. "Na weye? Kwa ile mashini yako ya picha muko vinywa ya watu wa Ubundu. Wenyewe wanajua?"

Nilikuwa nimeomba ruhusa kwa mkuu wa kituo cha afya cha kule. Wenyewe niliwaambia wafungue, wakafungua. Hapo wakaniita, zamu yangu imefika.

Nilisimama mbele ya waalimu nikaomba kuahirishwa. Mkubwa wao akaniuliza kama ninaumwa, nikasema hapana. Akanionya kwamba sitamaliza na wenzangu. Siku wenzangu walipomwagiwa poda ya kusherehekea shahada na kuimba barabarani, mimi nilikuwa nyumbani ninaosha masufuria na kulia. Faustin aliitoa picha ile katika kazi yake, akaja kuomba msamaha, na papa akampa kiti na chai.

Nikachapisha picha zangu nikarudi nazo Ubundu. Kila nyumba niliuliza, nikiiweka hii ukutani mbele ya watu, utakubali? Wengi walikubali. Wachache walikataa, nikazichana zao palepale. Kwa mvuvi mmoja nilimkuta mjane wake tu. Mume alikuwa amezama, na mto haukumrudisha. Nilitaka kuificha picha, akanishika mkono.

"Onyesha."

Aliichukua akaipeleka mlangoni penye mwanga. "Ni yeye. Sina picha yake ingine." Akaiegemeza juu ya kiti cha marehemu, akaita wajukuu waliokuwa jikoni. Wakaja wakasimama mbele ya kinywa kile kisicho na macho, kimevutwa na vyuma, wakakisalimia mmoja mmoja kama walivyomsalimia babu yao: "Bonjour, koko." Yule mdogo kuliko wote akangoja ajibiwe. Mjane akanigeukia, akasema, "Ile unaweza kuonyesha. Lakini useme jina yake."

Nilipotetea kazi yangu, nililisema. Waalimu wakanikemea, eti ni kinyume cha taratibu, wakanipunguzia alama. Sikujali hata kidogo.

Basi, mwanangu, sikia ninalokuambia. Usidhani kuficha jina ni kumficha mtu. Kila kinywa unachopiga picha kina mtoto anayekijua. Kabla hujafungua kamera, mwambie mwenyewe picha inakwenda wapi na nani ataiona, kwa lugha anayoielewa, na akikataa umshukuru kama aliyekubali. Anapokuambia jambo ambalo fomu yako haikuuliza, acha kuandika umsikilize, kwa maana huenda hilo ndilo lililomleta. Na ukiandika maneno kama "kinywa kilichopuuzwa," yasome kwa sauti, halafu ujiulize kama ungeyasoma huku mwanawe akiwa ameketi safu ya nyuma. Chukua kazi yako, rudi kwa watu wako, uulize. Sahihi yangu itakungoja.

Mungu akulinde njiani, akupe mikono laini na masikio makubwa. Siku utakayosimama kutetea, naomba asiwepo ukumbini mtu wa kulia kwa sababu yako. Na akiwepo, basi awe analia kwa sababu amemwona mama yake, na ameona jinsi ulivyomtunza. Amina.