Kiganja Chini ya Mtungi

Nilipokuwa mtoto, Kilindoni nzima hakuna aliyenifikia kwa ujasiri. Asiyeamini akamuulize bibi yangu. Atabisha, lakini atacheka. Shule niliiacha mapema, nadhani mpaka leo inanililia. Sasa mimi ni fundi wa kuta za pwani, na ukuta wangu hata bahari inaupigia hodi kwanza.

Ila upo ukuta mmoja huwa siuongelei.

Utotoni mwangu dhoruba iliangusha ukuta wa ua wa bibi, ulioelekea bahari, mjomba Haji akaujenga upya. Bibi akamwamuru aache tundu chini kabisa, la kupita paka. Huo ni mlango wa mwenyewe, alisema: mwenye bahari akipanda na maji makubwa, lazima apate njia ya kurudi kwake. Kila Ijumaa hufukizwa ubani pale.

"Mwenye bahari anapita tundu la paka, bibi? Kakonda hivyo?"

"Wewe na domo lako! Litakuponza."

Wenzangu wakanichokoza: kama kweli jasiri, liguse. Kuligusa tu? Mjomba alipokwenda kuswali Alasiri, nikachota saruji yake, nikaliziba kwa mawe, juu nikapiga kiganja ili wajue kazi ya nani. Nikafunika kwa makuti.

Ijumaa haijafika, upepo ukaja. Mawimbi yaliruka ukuta, maji yakajaa uani, yakakosa pa kutokea. Ukuta ukasukumwa kutoka ndani, ukalala baharini pamoja na jiko la bibi.

Watu wakasema mkono wa Haji una nuksi. Hakuna aliyemwita tena kujenga. Akahamia Kirongwe kwenye minazi. Na mimi, jasiri wenu, kimya.

Masika yaliyopita ukuta ambao fundi mwingine alimjengea bibi baadaye ulipasuka, nikaja kuutengeneza. Nikausogeza mtungi wake wa maji, na chini yake, kwenye bonge la saruji la ukuta ule wa zamani, nikakiona kiganja changu.

"Bibi, ulijua?"

"Mwenye bahari hana vidole vidogo hivyo."

"Mbona hukusema?"

"Nilimwambia Haji. Akasema, mwache, atasema mwenyewe."

Nililitia bonge kwenye kiroba, nikapanda bodaboda hadi Kirongwe. Njiani nilipanga maneno, na maneno ninayo. Nilipomwona mjomba nikasema shikamoo tu. Nikamwekea lile bonge mapajani.

"Marahaba." Akaweka mkono wake juu ya kiganja changu, ukakifunika chote. "Saruji ilishika vizuri," akasema. "Ulikawia tu, baba."

Kuta zangu zote zina tundu chini. Wateja wakiuliza nawaambia ni njia ya maji, na si uongo. Kama kuna mwingine anayepita humo, simjui, lakini sitamfungia tena. Ubani anafukiza bibi. Mjomba hushuka kunikagulia kazi, kila mara anatafuta kosa, na mara nyingine, nakiri kwa shida, hulipata.

Kiganja sipigi tena.