Jembe Lililompeleka Bibi Kanisani

Bibi yangu alikataa katakata kwamba pawatila ni gari. "Gari lina mlango," alisema. "Hili ni jembe lenye kelele." Na kwa kuwa alikuwa ameapa kutopanda gari tena maadamu yu hai, ubishi huo haukuwa mdogo nyumbani kwetu.

Kiapo kilikuwa na sababu yake. Siku moja ya soko alikuwa akishuka kutoka Machame nyuma ya pikapu iliyojaa watu na mikungu ya ndizi, dereva akikimbizana na mwenzake kugombea abiria. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, magari ya mitumba yamejaa ghafla na kila aliyeweza kushika usukani alijiita dereva. Pikapu ikapinduka kwenye kona. Wengine walichubuka tu. Bibi alivunjika nyonga. Alipotoka hospitali ya Mawenzi hakuweza tena vilima vya kwetu, baba akasema atamkalisha kwake Mabogini, kwenye tambarare ya mpunga. Bibi akauliza atafikaje huko. Baba akataja teksi. Bibi akaketi kwenye benchi, akapakata fimbo yake, na kila mtu akajua kwamba hapo haondoki.

Ndipo baba akaja na pawatila. Kwa asiyeijua, ni trekta dogo la magurudumu mawili ambalo mkulima hulishika kwa mikono miwili na kutembea nyuma yake kwenye majaruba ya mpunga. Akiwa na mzigo hulifungia tela, akakaa mbele ya tela na kuendesha. Baba aliinunua baada ya bei ya kahawa kuanguka, wakati watu wengi wa mlimani waliposhuka kutafuta riziki kwenye mpunga. Siku hiyo alipigilia kiti cha sebuleni katikati ya tela, kile chenye mikono na kitambaa cha kufuma. Bibi akapandishwa, akafungua mwavuli, wakaenda zao.

Tangu hapo kila Jumapili alikwenda kanisani mjini namna hiyo. Mtu mwenye haraka zake angewapita kwa miguu, na hicho ndicho bibi alichokipenda. Aliweza kumsalimia kila mtu njiani, akauliza hali ya wagonjwa na ya ng'ombe, akapata na majibu. Alirudi nyumbani na habari nyingi kuliko redio. Mimi, niliyekuwa nimelelewa na yeye tangu mama afariki nikiwa mchanga, nilimwona kwenye kiti kile akiwa na furaha ambayo nilidhani imebaki kwenye ile kona ya Machame.

Kisha akaja trafiki mpya. Alisimama pale barabara yetu ya vumbi inapokutana na lami, mwembamba, sare yake nyeupe imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Jumapili ya kwanza tu akainua mkono.

"Shikamoo, bibi," alianza na salamu, ndipo akamgeukia baba. "Mzee, hii haina taa, haina namba, tela halina breki, na umebeba mtu."

"Si gari, afande," baba akasema. "Ni jembe."

"Kama ni jembe, mzee, libebe begani."

Bibi alicheka mpaka mwavuli ukatikisika. Baba hakucheka. Trafiki hakumtoza kitu wala hakudokeza kwamba anataka kitu. Aliwageuza tu, na Jumapili iliyofuata akawageuza tena. Baba alijaribu njia zote za panya, na zote zilitokea kwenye lami, na kwenye lami alikuwepo yule bwana. Bibi akaacha kwenda kanisani. Alisema Mungu yupo hata Mabogini, lakini kila Jumapili asubuhi alivaa na kukaa kibarazani akiitazama njia.

Ikawa hivyo mpaka nikachumbiwa. Ndoa ingefungwa Jumamosi kanisani mjini, tangazo limeshasomwa, ndafu, mbuzi wa kuchomwa mzima, ameshachaguliwa zizini. Nami nikatamka mbele ya wote kwamba siolewi bibi asipokuwepo. Mikono yake ndiyo iliyonilisha mtori wa ndizi na kunisuka nywele, na kwetu binti haondoki bila mikono iliyomlea kuwekwa kichwani pake. Jamaa zangu walidhani ni maneno ya bi harusi. Bibi peke yake ndiye aliyejua kwamba sikuwa na utani, na alijua pia kwamba yeye hapandi gari.

Baba akapata wazo, akalikumbatia. Trafiki, kwa lafudhi yake, alikuwa mtu wa Rombo, yaani Mchaga mwenzetu. Na Mchaga hakatai isale. Ni lile jani refu la kijani tunalopanda mipakani na makaburini. Ukimkosea mtu, hata kosa zito kiasi gani, ukimpelekea isale lililofungwa fundo hana budi kukusamehe. Baba alichuma moja kwenye mpaka wa shamba, akalifunga fundo, akavaa koti la kanisani na kofia, akaenda.

Alirudi nalo mkononi. Sijawahi kabla wala baada ya siku ile kuona mtu akirudi na isale. Alitusimulia kwa hasira. Trafiki alivua kofia, akalipokea kwa mikono miwili, akauliza, "Mzee, umenikosea nini?"

"Bado," baba alijibu. "Ila Jumamosi nitakukosea."

Trafiki akalirudisha, vilevile kwa mikono miwili. "Isale ni la kosa lililokwisha kutendwa, mzee. La kuombea ruhusa ya kukosa sijalisikia, kwetu wala kwenu."

"Mtoto wa juzi ananifundisha mila!" baba alifoka mbele yetu.

"Na amekufundisha kweli," bibi akasema kutoka kibarazani. "Ungekuwa bado mdogo ningekuchapa. Mtu anaomba msamaha wa kesho? Huyo kijana kalelewa." Halafu akashusha sauti, akanitazama mimi. "Nendeni tu. Mtaniletea kipande cha ndafu."

Hapo ndipo nilipotoka. Mimi ni mtu wa hasira, na hasira yangu, kama tela la baba, haina breki. Nilitembea mpaka kwenye lami, nikasimama mbele ya trafiki bila hata salamu. Nikamwuliza inakuwaje malori yenye matairi yaliyoisha yanampita hapo yakitema moshi, mabasi yanakimbia kama yanafukuzwa, na yeye nguvu zote anazimalizia kwa mwanamke mzee aliyekaa kwenye kiti na mwavuli. Nilisema mengi. Aliniacha niyatoe yote.

"Umemaliza, dada?"

Nikasema nimemaliza.

"Kule nilikotoka, basi liligonga tela kama lile kwa nyuma. Niliokota watu kwa mikono hii." Alinionyesha viganja vyake kana kwamba bado vina kitu. "Bibi yako sitamwokota."

Akageuka kuruhusu lori lipite. Baadaye akauliza, "Anaogopa nini hasa kwenye gari?"

"Mwendo."

"Mwendo tu?"

"Mwendo tu."

"Basi, Jumamosi njooni naye."

Nilimwambia bibi. Alitoa kitenge kipya sandukuni na kukiweka juani kiondoke harufu ya dawa ya nondo.

Jumamosi tulitoka Mabogini, pawatila mbele, bibi juu ya kiti chake, nyuma yake gari langu la kuazima lenye maua, na nyuma yetu matarumbeta kwenye pikapu. Tukafika kwenye lami. Trafiki alikuwa katikati ya barabara, mikono ameitandaza, magari yamesimama pande zote mbili. Alikuwa na pikipiki ya kazini, na mwenzake ameshika bendera nyekundu.

"Mzee," alimwambia baba, "mzigo usio wa kawaida hupita chini ya ulinzi. Leo bibi ni mzigo usio wa kawaida."

"Mzigo ni wewe mwenyewe," bibi akajibu, na mwavuli ukafunguka.

Alitutangulia kwa pikipiki. Mwendo ulikuwa mdogo mno hata ikawa inayumba, akalazimika kuburuta miguu chini ili asianguke, viatu vyake vyeusi vikipauka kwa vumbi. Mwenye bendera alikuwa mkiani, na hakuna basi lililothubutu kutupita. Bibi aliusalimia mji mzima wa Moshi, upande wa kulia na upande wa kushoto. Mchungaji alitungoja mpaka akachoka, na alituambia hivyo madhabahuni. Mlangoni mwa kanisa bibi aliweka mikono yote miwili kichwani pangu, juu ya shela, akasema maneno ya Kimachame ambayo ni yangu peke yangu. Sijawahi kuwa na furaha kubwa kuliko ile.

Baada ya ibada baba alitoa mfukoni lile isale, limeanza kunyauka, fundo bado limekaza. "Afande, sasa nimekukosea. Nilikukasirikia bure."

"Hili napokea," trafiki akasema, akalitia kwenye mfuko wa kifua. Alipewa kipande cha ndafu, akala amesimama, akarudi kazini.

Hakuwahi kumruhusu bibi kupita peke yake. Lakini kila Krismasi na kila Pasaka alimngoja pale na pikipiki, na bibi alikwenda kanisani kama alivyopenda. Watu huwasema sana matrafiki, na mara nyingine nami naongezea langu. Kwa huyu mmoja namshukuru Mungu mpaka leo, kwa sheria aliyokataa kuilegeza na kwa njia aliyoitafuta.

Miaka ilipita, nikapata watoto, na bibi akafariki usingizini Mabogini. Ilibidi apelekwe Machame akazikwe kwenye kihamba chake, shamba la ukoo, na pawatila isingeupanda mlima ule. Baba akasema kiapo kilikuwa cha uhai tu. Tukakodi gari la kubebea jeneza. Dereva alikuwa kijana mwenye safari nyingine inayomngoja, akaanza kukanyaga mafuta tukiwa bado kwenye vumbi. Niliumia moyoni, nikalishikilia jeneza lisitikisike.

Kwenye lami mkono ukainuka. Mvi zilikuwa zimemwingia yule trafiki wetu, na cheo kimeongezeka begani. Alikuja dirishani, akavua kofia, akamwamkia baba.

"Ni bibi?"

Baba akaitikia kwa kichwa.

Trafiki akamgeukia dereva. "Kijana, huyu hapelekwi kasi."

Akaipanda pikipiki yake, akakaa mbele yetu, akaanza kuburuta miguu. Dereva akashusha gia. Nyuma yetu magari yalijipanga na hakuna aliyepiga honi. Tukampeleka bibi nyumbani kwa mwendo wa jembe.