Mche wa Bangi Uliomtoa Mwanaidi Kitandani

Mwanangu, ipo siku moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka nacheka peke yangu, hata nikiwa garini kwenye foleni. Ni siku niliyokemewa na mke wangu kwa sababu ya mche wa bangi. Nakusimulia kwa kuwa binti yangu Rehema ameniambia kwamba wewe na mwenzako huko Gaithersburg, Maryland, mmenunua taa na hema dogo la kupandia ndani, na wala hamjawahi kupanda hata kitunguu. Basi kaa nikwambie. Mimi nilishaanza kama wewe, tena vibaya kuliko utakavyoanza wewe.

Wakati huo nilikuwa kijana. Usicheke. Miaka nilikuwa nimeshapita sitini, lakini kwa mambo ya mimea nilikuwa mtoto mchanga. Mimi ni wa Tanga mjini, baba yangu fundi cherehani, na udongo kwetu ulikuwa kitu cha kufagia.

Nyumba yetu ya hapa Springfield, Virginia, unaijua, ile iliyobanana na za majirani, ukifungua dirisha la nyuma unasikia magari ya njia panda yakivuma kutwa. Nilikuwa nimestaafu kuendesha basi la kupeleka abiria uwanja wa ndege. Na mama yenu Mwanaidi alikuwa anatibiwa saratani ya titi. Dawa zilifanya kazi yake na madaktari waliridhika, ila chakula hakikumpita kooni. Mwanamke aliyezoea kusonga ugali wa ukoo mzima akawa anakitazama kijiko cha uji kama anatazama adui. Akakonda mpaka pete ya ndoa ikawa inamvuka kidoleni, akaivua, akaiweka kwenye kisahani.

Na mimi, kwa mapenzi na kwa woga, sikumpa nafasi. Kula kidogo, Mama Rehema. Onja basi. Supu huitaki? Nikumenyee ndizi? Naingia na bakuli, natoka nalo, narudi na jingine. Mwenzangu anageukia ukutani.

Daktari wake, mama mmoja mpole, akatuambia wapo wagonjwa ambao bangi kidogo huwarudishia hamu ya kula, na kwamba kama tukitaka kujaribu tumwambie kwanza, atuelekeze kipimo. Alilitamka neno hilo kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja tangawizi. Mimi niligeuka kutazama kama mlango umefungwa. Mwanangu, nilikokulia, kijana akishaitwa mvuta bangi, hata posa yake haijibiwi.

Njiani kurudi nilimpigia Rehema, anakaa Arlington, anafanya kazi za ofisini huko. Watoto wetu unawajua, unamuuliza kwa Kiswahili anakujibu nusu kwa nusu. "Baba, relax. Ni legal. Mtu mzima anaruhusiwa miche michache nyumbani kwake."

Maduka yenye kibali cha kuwauzia wagonjwa yapo, sikufichi. Lakini nilishawaona, kwa mawazo yangu, Waswahili wote wa Virginia wamejipanga kwenye baraza ya duka wananisubiri nitoke na mfuko. Nikasema bora nipande mwenyewe kwenye besmenti, kile chumba cha chini ya nyumba, mlango nifunge, asijue mtu. Nikamwomba Mwanaidi ruhusa. Akainua bega moja, basi. Siku zile hata kukataa kulikuwa kunamchosha.

Rehema akaleta hema jeusi, taa, feni lenye chujio la mkaa la kuzuia harufu, na mbegu tatu alizopewa na mfanyakazi mwenzake. Akanisomea na sheria ya Virginia. Kila mche sharti uwe na kibandiko chenye jina la mwenyewe, namba ya leseni yake ya udereva, na maneno kwamba ni wa matumizi yake binafsi. Nikaandika. Yaani mimi niliyeogopa kuonekana dukani, sasa jina langu lote, Salimu na la baba na la babu, limening'inia kwenye bangi.

Nikazipanda kwenye ndoo za plastiki za aiskrimu. Zikaota zote tatu, na hapo ndipo raha ilipoanza na wazimu ukaanza. Nilikuwa sikai juu. Natia maji asubuhi. Nakwenda kufua, natia maji. Nakwenda kuchukua nguo, natia tena. Nikiwa sina la kufanya ndiyo kabisa. Haukupita muda majani yakalegea, yakawa manene na ya manjano, na vijidudu vidogo vyeusi vikawa vinaruka juu ya udongo. Nikaona kiu hiyo. Nikaongeza maji.

Alasiri moja nikashindwa. Nikaichukua ndoo moja, nikapanda nayo ngazi mpaka chumbani, nikasimama mlangoni. "Mama Rehema, mche huu unakufa."

Akafumbua macho. Mwanaidi, nikukumbushe, kazaliwa Lushoto, kwenye mashamba ya kabichi na karoti yaliyolala milimani. Alijua kupalilia kabla hajajua kusoma. Akaitazama ile ndoo kwa muda.

"Umeupanda kwenye nini?"

"Ndoo ya aiskrimu."

"Umetoboa chini?"

Nikaigeuza kidogo nichungulie, kama kwamba sijui. Matone ya maji machafu yakamwagika kwenye zulia.

"Maji unatia lini?"

"Kila nikipita."

"Na unapita mara ngapi?"

Akaketi. Halafu, mwanangu, akashusha miguu chini. Mtu ambaye kwenda chooni tu ilikuwa tunapumzika njiani alisimama, akajifunga kanga kiunoni, akasema, "Nishike mkono. Unaua kiumbe humo ndani na mimi nimelala."

Tulishuka taratibu, yeye mbele, mkono mmoja ukutani. Nikamwekea kiti karibu na mashine ya kufulia. Nilipofungua zipu ya hema na mwanga ule mweupe ukatoka, alifinya macho, akatabasamu kidogo kwa lile joto. Nje kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Akaomba msumari na nyundo. Akanifanya nitoboe ndoo zote chini, maji yakachuruzika kama nimefungua bomba. Kisha akatumbukiza vidole kwenye udongo mpaka ndani kabisa, akavitoa, akavinusa, akanitazama.

"Baba Rehema, mche huu hauumwi. Umeuzamisha. Mizizi nayo inataka kupumua. Ukiunywesha kutwa kucha utapumua saa ngapi? Uache uone kiu. Uache utafute wenyewe."

"Sawa."

"Na mimi niache."

Hakusema kwa hasira. Alisema huku akichambua jani bovu, wala hakuinua uso. Lakini niliyasikia maneno yale mpaka kwenye nyayo. Nikaenda kuketi kwenye ngazi. Ulimi ulikuwa unaniwasha, nataka kusema uji, nataka kusema supu, nimeufunga kwa meno. Yeye anafanya kazi yake. Anapunguza udongo, anakung'uta, anaunyanyua kila mche kupima uzito, ananung'unika Kisambaa peke yake.

Kisha, bila kugeuka, akauliza, "Jikoni kuna nini?"

"Kuna uji. Kuna supu, kuna ndizi, kuna..." Nikajizuia. "Kuna uji."

"Lete."

Alikula nusu bakuli akiwa na tope kwenye kucha. Mimi nilikwenda nyuma ya mashine ya kufulia, nikajifanya natafuta soksi, mpaka macho yakakauka.

Tangu hapo akawa anashuka kila siku. Bangi yenyewe haikuwa hata na ua, haijamsaidia mtu lolote, lakini mwenzangu alikuwa na kazi na mtu wa kumgombeza. Alinifundisha kunyanyua ndoo: ikiwa nyepesi tia maji, ikiwa nzito ondoka. Kulikuwa na mche mmoja mrefu kuliko wenzake, una shina kama mkono wa mtoto, nikaupenda mpaka nikawa nausifia kwa Rehema kwenye simu. Mwanaidi akauchunguza penye maungio ya matawi, akaona vifuko vidogo vya duara. "Dume. Likipasua vifuko hivi, majike yataishia kuzaa mbegu tupu. Ling'oe." Nikamwomba tulisubiri kidogo. Akaling'oa mwenyewe, na kibandiko chenye jina langu, akatia vyote kwenye mfuko wa takataka huku anacheka. Kicheko kile nilikuwa nimeanza kukisahau.

Sasa maua yakaja, na harufu ikaja nayo. Lile feni lilikuwa linapiga kelele, na Jumamosi moja mchana nililizima tupumzike. Kengele ya mlango ikalia. Nafungua, Shehe Bakari, mzee wa Mombasa anayetusalisha, kaja kumjulia hali mgonjwa. Akaketi, akasalimia, akaomba dua. Halafu pua yake ikaanza kufanya kazi.

"Salimu, hapa mwanuka nini?"

Hapa Marekani kicheche yuko kila mtaa, na harufu yake, kama hujui, haipishani sana na hii. Nikamrukia huyo huyo. "Kicheche, Shehe. Amekufia chini ya ngazi za nje."

"Masikini. Na mushaita watu waje wamtoe?"

"Wako njiani."

Mwanaidi alikuwa kwenye kiti chake, amejifunika blanketi. Akasema, "Shehe, hakuna kicheche aliyekufa. Ni bangi. Ni ya dawa yangu, daktari anajua. Iko chini, na imeandikwa jina la Baba Rehema."

Nikatazama zulia. Nilingoja dunia iniangukie. Kilichotokea ni kwamba Shehe Bakari alinitazama, akamtazama Mwanaidi, akanitazama tena, akasema, "Sasa huyo kicheche alikukosea nini hata ukamzulia kifo?" Akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Mwanaidi naye akacheka mpaka akashika ubavu. Nikabaki mimi tu na aibu yangu, na hatimaye nayo ikanikimbia.

Shehe alipotulia, uso wake ukabadilika. Akaniambia, "Dawa ya mgonjwa kwa kipimo cha daktari, hilo sikulaumu, madamu mwenye afya haichezei. Lakini nakulaumu kwa jengine. Miezi hii yote watu wataka kuja kumuona Bi Mwanaidi, wewe wasema amelala, wasema ana wageni. Sisi twadhani hamututaki. Kumbe waficha majani, na mke wako umemficha pamoja nayo."

Mwanangu, hilo sikuwa nimeliona. Nilidhani nafunga mlango wa besmenti, kumbe nimefunga na wa barazani. Wiki ile ile watu wakaanza kuja. Mama mmoja wa Kikongo kutoka jirani alileta pondu, kisamvu chao, akakaa kutwa nzima anamsuka Mwanaidi kwa maneno matamu, ingawa nywele zenyewe zilikuwa bado hazijaota. Wa Kenya walileta chapati. Nyumba ikajaa viatu mlangoni.

Tulivuna mwishoni mwa majira ya baridi. Maua tukayaning'iniza kichwa chini mpaka yakakauka, kisha kwa maelekezo ya daktari Mwanaidi akayatia kwenye samli kwa moto mdogo. Akapaka kidogo sana, kama ukucha, kwenye kipande cha mkate. Tukakaa tukimtazama, mimi na Rehema, kama watu wanaosubiri treni. Hakuna kitu. Rehema akaanza kusema labda tumekosea. Mara Mwanaidi akageuka kulitazama friji na kusema, "Hivi hili friji siku zote huwa linaimba?" Akacheka, tukacheka, na alipomaliza kucheka akala sahani nzima ya wali wa nazi na samaki, akavuta na yangu. Rehema alilia na kupiga picha kwa wakati mmoja. Mimi kama nilionja au sikuonja, usiniulize.

Matibabu yaliisha, akapona, nywele zikarudi na mvi mpya anazozionea fahari. Hema bado liko, lakini siku hizi humo kuna mchicha na pilipili, na mimi siruhusiwi kushika kopo la maji bila idhini.

Sasa nasaha yangu ni hii, uishike. Kwa mmea: sheria ya Maryland si ya Virginia, isomeni wenyewe, msizidishe. Toboeni vyungu chini. Fungieni mbali na watoto, wala asiguse mtu anayetaka kuendesha gari. Na maji, mwanangu, yangoje mpaka chungu kiwe chepesi.

Kwa mwenzako: siku atakapougua, maana sote tunaugua, usimgeuze kuwa ndoo ya kumiminia. Mwulize anaweza kufanya nini, umpe afanye, hata kama utaona anachoka. Mtu anayehitajika huamka. Na ukiwa na jambo linalokutia haya, mwambie walau mmoja unayemwamini, mapema, kabla hujaanza kuua vicheche wa watu. Mimi niliogopa kuchekwa, na nilipochekwa nilipata nyumba iliyojaa watu.

Mwenyezi Mungu awape afya wewe na mwenzako, awape mikono inayootesha na midomo inayocheka. Kila mtakachokipanda kichipue, na kila mtakayemfungulia mlango aingie na heri. Mkivuna, njooni Springfield mle pilau. Mama yenu Mwanaidi ndiye atakayepika, na nyinyi mtakula mpaka aseme basi.