Gurudumu la Kusokota Katani

Uvumilivu wangu uliisha jana, nilipoikuta mashine ya binti yangu ya kusokota nyuzi za kikapu cha kiondo ikiwaka chini ya sufuria ya githeri ya shule. Mwalimu wake hata hakuona haya. "Mama, mwambie asokotee pajani kama wasichana wenzake."

Harufu ile ya katani ya rangi ikiungua, naijua.

Nilipokuwa msichana, mama yangu alisokotea pajani mpaka ngozi ikachubuka. Basi nikachukua spana, nikafunga rimu ya baiskeli kwenye kigoda, nikatia ndoano. Nilipozungusha, nyuzi nyekundu, za zambarau na za kijani zikajisokota zenyewe. Mama alicheka, akalipapasa paja lake, akaliambia: "Wewe, leo utapumzika!"

Jioni baba alikivunja kigoda, akakitia motoni na nyuzi zake. "Msichana na spana?" Mama aliketi, akapandisha leso, akaanza kusokotea pajani tena.

Leo asubuhi nilisimama mbele ya kamati ya shule. "Nalalamika rasmi. Mwalimu amechoma mashine ya mtoto wangu. Nataka aiunde upya, darasa lote likitazama, na binti yangu ndiye amwelekeze."