Kifaranga Kilichotuzuia Kwenda Geita

Leo wajukuu wameniletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kutoka sokoni. Nimeitafuna kwa meno haya machache yaliyobaki, rafiki yangu, nikajikuta nimerudi kijijini Samuye, utotoni, ndani ya uzio wetu wa minyaa, na wivu wangu uleule.

Miaka ile hakuna aliyekuwa na hakika ya kesho. Udongo ulikuwa umechoka, serikali ya Mwingereza ilitaka tupunguze ng'ombe, na midomoni mwa watu lilikuwepo neno moja: Geita. Kuna pori jipya, walisema, pamba inafika kifuani. Mimi na binti wa jirani tulimenya viazi huku tukiyapanga maisha ya huko. Yeye angekuwa na cherehani. Mimi ningesoma niwe mwalimu, maana tulisikia kuna shule inayopokea hata wasichana. Nyumba zetu zingetazamana.

Baba akaenda na kifaranga kwa mfumu, mpiga ramli wetu. Akakitemea mate mdomoni kama ilivyo desturi, mfumu akakipasua na kusoma ndani yake neno la wahenga. Kifaranga kikasema tubaki. Baba akarudi, akatundika jembe lake, maneno yakaisha.

Jirani naye alikatazwa. Akaenda kwa mfumu wa pili, akakatazwa tena. Wa tatu ndiye aliyemkubalia.

"Baba Kulwa, unabishana na wahenga?" baba akamuuliza.

"Ng'wanawane, ndugu yangu, sibishani. Nawauliza vizuri tu," jirani akajibu, akicheka.

Wakaondoka asubuhi, ng'ombe mbele, mama yao na vyungu vyake nyuma. Bibi akanibembeleza: kipya kinyemi, mwenzako ataikinai hiyo Geita. Wapi! Msimu uliofuata wasafiri wakaleta salamu kwamba mwenzangu anasoma. Mimi nilikuwa nachunga ndama. Wivu ulinikaba hadi nikakataa kula. Nilimwonea wivu wa shule, wa pamba, na zaidi ya yote wivu wa kuwa na baba mbishi.

Mwaka jana nilikwenda kumwona. Shamba lao la kwanza sasa ni mashimo ya wachimba dhahabu, na shule yake haipo tena. Alinionyesha kwa kidole mlango wao ulipokuwa, akalia. Nikamshika mkono, bibi kizee mwenzangu, nikimwonea wivu hata wa machozi yale. Geita yake imekufa, naye anaweza kuililia. Geita yangu sikuwahi kuifikia.