Siku Shosho Alipong'oa Mrenda

Magunia kumi na manne yaliyokuwa ya sukari, mikebe miwili mikubwa ya mafuta ya kupikia, udongo tuliobishania bei hadi mwenye mkokoteni akatamani kulia, na ujirani mmoja uliokaribia kuvunjika. Hiyo ndiyo gharama ya bustani yetu ya shule. Nimehesabu mara mbili, na mara zote mbili ujirani umetoka ghali kuliko vingine vyote.

Nimeyakumbuka haya Jumamosi, nilipopita Sarang'ombe, mtaa niliokulia, kumwona fundi wa cherehani. Palipokuwa na shule yetu ya mabati sasa pamepita barabara, lami safi kabisa, na kijana anauza kava za simu mahali ambapo, nakuapia, palisimama gunia letu la kunde. Nikabaki pale natabasamu peke yangu. Kijana akaniuliza, "Madam, ni ya simu gani?" Ningemwambia nini? Basi wacha nikwambie wewe.

Shamba hatukuwa nalo. Uwanja wetu ulitosha paredi, mradi darasa la kwanza wasimame kwa mguu mmoja. Kwa hivyo mwalimu wa sayansi aliamua tulime kwenda juu. Unasimamisha gunia, unaweka katikati mkebe uliotolewa kitako, unaujaza kokoto, kisha unamwaga udongo na samadi pembeni. Unauvuta mkebe juu taratibu, unajaza tena, unavuta tena, hadi mawe yamesimama ndani ya gunia kama uti wa mgongo. Ukimwaga maji juu, yanapita kwenye yale mawe mpaka chini. Halafu unatoboa matundu ubavuni, kila tundu linapata mche wake. Wiki chache tu na gunia zima limeota nywele za kijani. Tulinuka samadi kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na tulijivuna sana.

Mwalimu alitufundisha kula pia. Mboga isichemshwe hadi igeuke rangi ya sare ya askari, na maji yake yasimwagwe. Tulirudi nyumbani kila mmoja afisa wa afya. Shosho, nyanya yangu aliyenilea na aliyekuwa na kibanda cha mboga, alinisikiliza nikimsomea makosa ya sufuria yake, kisha akauliza, "Huyo mwalimu wako ana watoto wangapi?"

"Bado hajaoa, shosho."

"Basi mwambie akishaoa aje tuongee."

Halafu ukaja ule uchaguzi wa 2007, na Januari yake ya majirani kufukuzana kwa kabila na chama. Unajua yaliyotokea, sitakurudisha huko kote. Nitakwambia tu yaliyofika kwenye sahani. Reli ilikuwa imeng'olewa, malori ya mboga hayakuja, na kibanda cha shosho kikabaki na vitunguu na viberiti. Shule ilipofunguliwa, wengi wetu tulienda kufuata chakula cha mchana zaidi ya hesabu: ugali, na mboga kutoka kwenye magunia yetu. Magunia yakikauka, tungekula ugali na mate.

Maji yalitoka kwa jirani mmoja, mama wa maji tulimwita, kwao Kakamega. Alikuwa na tangi kando ya lango, akiuza kwa mtungi. Jioni yaliyobaki alitupa bure. Alichotaka tu ni magunia mawili karibu na lango, apande mrenda wake, ile mboga ya kuteleza na kuvutika.

Sasa, shosho kwao ni Kitui, na kijijini kwao mrenda haukuwa chakula. Ni kitu kilichojiotea katikati ya mahindi, ukang'oa ukampa mbuzi. Alasiri moja, kwa kuwa kibandani hakukuwa na mboga za kuuza, alikuja shuleni kutusaidia kupalilia. Aliyaona yale magunia ya langoni, akasonya, akakunja leso. Tulipotoka darasani alikuwa amemaliza, jasho linamtiririka, ameridhika kabisa, na mbuzi wa mtu anatafuna lile rundo.

Mama wa maji akaingia na mtungi kichwani.

"Mrenda wangu uko wapi?"

"Mrenda gani? Nimewasafishia. Magugu yalikuwa yamejaa."

"Mama, chakula changu unakiita magugu?"

"Sasa ningejuaje? Hauna hata sura ya mboga."

"Si ungeuliza! Ama siku hizi tukionekana tu, tunang'olewa?"

Miezi ile hata gugu lilikuwa na chama. Wanawake waliokuja kuteka maji walisimama, kila mmoja akiangalia mwenzake atasimama upande gani. Mama wa maji akageuka na mtungi wake umejaa, tone halikumwagika, akaenda zake. Kesho yake jioni hatukupewa maji. Mwalimu alipoenda kumbembeleza aliambiwa, "Wewe fundisha. Maji ni yangu."

Sukuma wiki yetu ikaanza kuning'inia kama masikio ya mbwa aliyekemewa. Mpishi akapunguza mboga, kisha akapunguza tena. Shosho aliona nikirudi nyumbani na njaa. Jioni moja alifunga mbegu za kunde kwenye pindo la leso, akaniambia, "Twende. Ukiniona nimenyamaza, usinisaidie."

Kwa mama wa maji hakusalimia sana. "Nimekuja kununua mbegu."

"Za magugu?" mama wa maji akauliza.

"Za magugu. Bei gani?"

"Kwako wewe? Hutaweza."

"Sema, nishindwe mwenyewe."

Mama wa maji akaliangalia lile fundo. "Hapo umefunga nini?"

"Kunde. Za Kitui."

"Ni zile za majani?"

"Za majani. Laini."

Kumbe kwao mrenda hupikwa pamoja na majani ya kunde, na tangu malori yasimame hakuwa ameyaona. Shosho hakujua hilo, lakini alijua uso wa mtu anayetaka kitu. Akavuta leso nyuma kidogo.

Wakaelewana: mbegu kwa mbegu, na maji yarudi kesho. Lakini mama wa maji alikuwa na sharti moja. Mrenda ukikomaa, shosho atakula sahani nzima mbele ya watoto. Shosho alijaribu nusu. Akajaribu robo. Akajaribu kijiko. Hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona akishindwa bei.

Siku ilipofika tulisimama juu ya madawati. Mrenda na kunde, sufuria moja, harufu ya munyu, ile chumvi ya majivu, imejaa uwanja. Shosho alichovya ugali, akainua mkono. Mrenda ukamfuata. Akainua zaidi, ukamfuata. Akasimama wima, bado uko naye.

"Zungusha ugali, mama! Ukate!" mama wa maji alipiga kelele, machozi ya kicheko yakimtoka.

Shosho akakata, akameza, akapangusa kidevu. Tulingoja hukumu.

"Hauna kazi ya kutafuna," akasema. Kisha akasukuma sahani mbele. "Hebu ongeza kidogo, nihakikishe."

Mwalimu akaanza kueleza habari za vitamini. Hakuna aliyemsikiliza.

Shosho yuko Kitui sasa, na ukimuuliza atakuapia hajawahi kuonja mrenda. Mama wa maji alihama kabla ya barabara. Kila ninayemuuliza ananielekeza mahali tofauti. Hapa Kawangware ninapoishi, watoto wangu wanaamini sukuma huota ikiwa imekatwakatwa ndani ya karatasi ya plastiki. Na maji yaliyobaki jioni, ya kumpa mtu bure, sijayasikia tena.

Ila wewe huenda unajua, nishauri. Nyuma ya nyumba, pale maji ya kufulia yanapopita, kuna kitu kimejiotea. Majani membamba, kingo zina vimeno, na chini ya kila jani kuna vijinywele viwili kama masharubu. Ni mrenda wenyewe, ama ni gugu? Nijibu haraka. Mwenye ploti ameshakipitia mara mbili, na leo asubuhi nimemsikia akiulizia jembe.